Maganda ya Risasi Uliyoniachia

Toronto, Jumapili, mwezi wa Novemba

Babu yangu mpendwa,

Leo nitakueleza yote, nisibakize hata moja.

Bibi bado anapika wali wa watu wanne, halafu ananilaumu mimi ukibaki. Mama naye alitaka kuuza vifaa vyako vya kulengea shabaha. "Mambo ya bunduki yamekwisha na babu yako," alisema. Nilimkumbusha kwamba uliahidi kunifundisha nikifika umri huu. Akasema, "Nionyeshe kwanza kama una uangalifu wake. Safisha yale maganda ya risasi aliyoyaacha ayajaze baruti upya. Ukiyaharibu, nauza."

Bibi, kwa kunihurumia, alitangulia kuyasafisha. Aliloweka fungu moja kwenye ukwaju, kama anavyosafisha sinia zake za shaba tangu akiwa Tabora, akalisahau mpaka asubuhi. Yakatoka na rangi ya waridi. Anko Nizar, rafiki yako wa klabu ya shabaha, alisema asidi imeyadhoofisha, yangeweza kupasuka ndani ya bunduki. "Shemeji, hii si sinia ya biriani!" Bibi akamjibu, "Ungekuja mapema basi, mtaalamu." Tukayatupa.

Kwa yaliyobaki, Anko alinipeleka mtaa wa Agincourt kutafuta mashine inayosafisha kwa kutikisa maji kwa mawimbi ya sauti. Muuzaji alituletea ndogo ya kusafishia miwani na bangili. Nilikataa kwa adabu. Nilichagua yenye beseni pana la chuma kisichoshika kutu, kikapu, kipasha maji, na bomba la kumwagia uchafu.

Anko aliyatoa kwanza mabaki ya fataki, vile vidude vya kuwashia baruti, kwenye vitako vya maganda, ili maji yapite. Nilivaa glavu, nikafanyia kazi kwenye chumba cha kufulia, mbali na vyombo vya jikoni, kwa sababu masizi yale yana madini ya risasi, ambayo ni sumu. Maji ya vuguvugu, dawa ya kusafishia shaba isiyo na amonia, maganda machache kwa zamu yasilaliane. Babu, maji yaligeuka kama chai ya rangi! Nikayasuuza, nikachungulia ndani ya kila moja, nikayaanika kwenye taulo kuukuu. Bibi alitaka kuyakausha kwenye oveni ya mikate. Nilimzuia.

Mama alirudi kutoka kazini, akashika moja, akalielekeza dirishani.

"Yote yako hapa?"

Nilijua naweza kupoteza kila kitu. Nikasema, "Hapana, Mama. Mengine yalidhoofika, tukayatupa."

"Nani aliyaharibu?"

Nikaendelea kuyageuza maganda kwenye taulo. Bibi akapaza sauti kutoka jikoni, "Mimi! Nikamatwe?"

Mama alicheka, Babu. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tulipokuzika. Kisha akasema polepole, "Baba naye angeyatupa." Vifaa vyako hauzi tena, na Jumamosi Anko atanipeleka kujiandikisha kwa mafunzo ya usalama.

Pumzika kwa amani, Babu yangu. Naahidi sitaelekeza mtutu popote ila kwenye shabaha, na sitaona haya kuuliza nisichokijua.

Ila hili nijibu upesi, hata kwa ndoto, kabla ya Jumamosi: siku yako ya kwanza, ulipolenga, je, mikono yako ilitetemeka?

Mjukuu wako,
Shirin