Babu Mwakamba Alikuwa Malindi

Muhaisnah, Dubai

Mdogo wangu Wakesho,

"Fuvu la Mwakamba halimo pangoni kwa sababu wazee walikataa kumlaza muuaji pamoja nao." Ndivyo alivyoandika binamu yetu wa mbali, Mwalimu Maghanga, katika historia ya ukoo, na ndivyo ulivyonisomea kwenye simu. Ni uongo. Nitauvunja humu humu, lakini hatukulelewa kuingia kwa watu na ugomvi kabla ya salamu. Hujambo wewe? Shemeji na watoto wazima? Uvimbe wa mguu wa Baba umepungua? Mimi mwili unasimama, maana ndiyo kazi yenyewe: kusimama mchana kutwa mlangoni mwa jengo la Marina, kwenye ukumbi ambao madirisha yake hayafunguki, kisha basi la kampuni linaturudisha kambini.

Tangu uliponiambia kwamba Baba hatoki tena nje, na kwamba ameapa maneno hayo yakichapwa hataketi na ukoo wala hataki ukoo umzike, nimekuwa nikitafuta njia ya kuja. Mzee aliyefungua kila kikao kwa sala tangu tukiwa watoto! Nilikwenda ofisini kuomba ruhusa nije kwenye mkutano wa ukoo wa Krismasi. Unajua pasipoti yangu imo katika kabati lao la chuma tangu siku niliyoshuka uwanja wa ndege.

"Nani amekufa?" msimamizi akaniuliza.

"Babu wa baba yangu."

Akashika kalamu, uso umeingiwa na huruma. "Pole sana. Amekufa lini?"

"Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia."

Kalamu akaiweka chini. "Yalla, rudi kazini. Mkataba ukiisha utakwenda. Khalas."

Mwenzangu wa chumbani, Mganda anayeitwa Wasswa, alicheka hadi akashika ukuta. "Mzee, si ungesema shangazi! Hapa shangazi wote tumeshawaua. Mimi wangu amekufa mara mbili na bado ananipigia simu. Wewe unaleta ukweli kwa ofisi?"

Basi nimekwama. Wasswa mkataba wake umeisha na anapitia Nairobi kabla ya kwenda kwao, ndiye atakayekutumia barua hii kwa basi la Voi. Itasema kwa niaba yangu.

Sasa tumshike Mwalimu. Anasema mchuuzi wa tumbaku aliuawa penye chemchemi chini ya mlima Kasigau, mwaka wa tatu wa vita, majeshi ya Waingereza na Wajerumani yakifukuzana kwenye nyika yetu. Sipingi. Anasema Babu Mwakamba aliwahi kugombana na mchuuzi huyo juu ya mbuzi. Hilo nalo sipingi. Alizaliwa enzi za Malkia Viktoria, hakuwahi kumwogopa mtu mwenye kofia ya serikali, na hasira yake ninayo mimi, waulize walimu wote walionifundisha. Lakini ugomvi wa mbuzi si mauaji, na mwaka wa tatu wa vita Babu hakuwako Kasigau. Watu wote wa mlima ule hawakuwako. Mwaka wa pili Waingereza waliwashuku kwamba wamewaonyesha Wajerumani njia, wakawang'oa wote, wazee kwa watoto, wakawapeleka Malindi. Mwalimu anayajua haya. Ameyaandika mwenyewe ukurasa wa nne, kwa machozi, halafu ukurasa wa tisa akamrudisha Babu chemchemini akiwa na panga mkononi!

Nimesikia anajitetea kwamba Babu alitoroka Malindi. Nani alimwona? Baba wa baba yetu alikuwa mvulana huko, na alinisimulia mara nyingi tukitengeneza mizinga ya nyuki. Alimpelekea maji baba yake, aliyekuwa amelala na homa, hawezi hata kugeuka. Akafa. Wakamzika mchangani, wakachomeka kijiti kichwani pa kaburi, kwa sababu desturi yetu unaijua: mzee huachwa ardhini kama mwaka mmoja, kisha kichwa hufukuliwa kikapelekwa pangoni kukaa na wenzake. Mwaka ulipopita hawakuwa na ruhusa ya kwenda popote, na upepo ulikuwa umesawazisha mchanga. Kijiti kiliokotwa kuwa kuni. Ilipita miaka mingi baada ya vita ndipo watu wakaruhusiwa kurudi mlimani, nao wakarudi na walio hai tu.

Hilo ndilo kosa la Mwalimu. Ameona nafasi tupu pangoni akaisoma kama hukumu. Basi nimuulize: kichwa cha babu wa baba yake mwenyewe kiko wapi? Nilipokuwa kijana wazee walitupandisha pangoni wakatutajia wenye vichwa mmoja mmoja. Huyo wake hakutajwa, kwa kuwa naye alifia Malindi, homa ileile, mchanga uleule. Ikiwa kukosa fuvu ni ushahidi wa kuua, mchuuzi mmoja aliuawa na nusu ya ukoo.

Najua watakalosema: kama ana hoja mbona hakuja? Ndivyo walivyomhukumu Babu. Hayupo, basi ana hatia. Waambie niko nyuma ya kabati la chuma ambalo ufunguo wake sina.

Mwambie Baba nimemshika miguu, asiache dawa. Shemeji nampa mkono kwa kumbebea kuni mzee. Shangazi wa Rukanga, yule anayefuma vikapu, mwambie kikapu chake wenzangu wanakigombania hapa chumbani. Wanao wabusu, na mkubwa asome.

Siku ya mkutano mtoeni Baba, hata kama ni kubebwa kitini, akae mstari wa mbele. Kisha wewe simama, Wakesho, usome yote, na haya ya mwisho uyasome bila haraka.

Mwalimu Maghanga, nanyi wazee wa kamati ya ukoo: futeni sentensi ile sasa hivi, kabla chakula hakijapakuliwa. Mahali pake andikeni kwamba Mwakamba alifia Malindi pamoja na wenzake, na kwamba aliyemuua mchuuzi hatumjui. Kisha wewe Mwalimu, uliyeandika kwa mkono wako, inuka, nenda hadi kwenye kiti cha baba yangu, mwambie hivyo kwa kinywa chako watu wote wakisikia, na umwombe afungue kikao kwa sala.

Ni mimi, kaka yako,
Mwadime