Chupa Imepata Blanketi

Baba Mwanahawa,

Tangu siku niliyokufungia mlango wa chumba ukalala barazani, mpaka ukafa, sikukuita jina hili. Leo nakuita. Huwezi kunigeuzia mgongo, na mgongo wenyewe najua ulivyokuwa.

Nakumbuka ulivyokuwa ukimchanganyia Bwana Daktari, yule Mdachi wako, dawa ya kuoshea vidonda: sabuni, maji, spiriti. Unainua chupa juani. "Tazama, Mama Mwanahawa, inateleza kama maji." Nikakutania kwamba hukufurahi hivyo mtoto alipozaliwa.

Ukampelekea kwenye nyumba yake ya mlimani, mwezi wa baridi. Ulipofika, dawa ilikuwa nzito kama uji. Akasema spiriti ndiyo huifanya iwe nyepesi, nawe umeinywa njiani ukajazia maji. Ukasema ni baridi tu. Ukachapwa viboko ishirini na vitano.

Ulirudi Morogoro na chupa kwapani. "Iache ipate joto, utaona. Kisha nioshe nayo mgongo." Nikajibu pombe yako haiingii kwenye beseni langu. Mlevi, nikakuita, mbele ya mtoto. Siku ya tisa kidonda kilinuka. Siku ya kumi tukakuzika, na waliokuja walikuwa wachache, maana neno langu lilishazunguka mtaa mzima.

Nilipotoka eda, jua likiwaka, nikaitoa chupa niimwage. Dawa ikatiririka kama maji, na harufu ya spiriti ikanipanda puani. Nikaiziba haraka.

Nikapanda nayo mlimani kwa njia yako ileile. Kila nilipopumzika niliinamisha chupa, na kila mara dawa ilichelewa zaidi kuteremka. Juu kabisa, kwenye ukungu, ikawa uji mikononi mwangu. Bwana Daktari akaiweka karibu na moto, ikalegea. Akacheka. "Kumbe kweli," akasema, akaamuru kuanzia sasa chupa zake zifungwe blanketi safarini.

Chupa imepata blanketi, mume wangu. Wewe nilikunyima hata shuka.

Sikuombi msamaha. Ungenipa, nakujua, na ningekuona mjinga. Ninakuahidi kitu kimoja: Ijumaa nitasimama nje ya msikiti niwaambie wote kwamba hukunywa. Kisha nitamwambia Mwanahawa. Bado anawaambia wenzake baba yake alikuwa mlevi. Nitamwambia nani alimdanganya.

Kwaheri, Baba Mwanahawa. Chupa ninayo hapa. Dawa iliyomo ingetosha mgongo wako.