Vifaranga Vyetu vya Samaki Vimekufa

Karwirwa rafiki yangu, nimekasirika sana!

Yule mwalimu wa ufugaji wa samaki amemwaga vifaranga vyetu vyote kwenye kidimbwi mara moja, na mifuko iliyovileta ilikuwa moto kwa jua!

Nikamwambia, “Mwalimu, si ulitufundisha mfuko uelee kidimbwini kwanza mpaka joto la maji ya ndani na ya nje lilingane?”

Akacheka mbele ya kikundi chetu chote cha wamama. “Mama, wewe wa gumbaru, uliyejifunza kusoma ukubwani, ndiye utanifundisha? Nyonyesha mtoto.”

Nyonyesha mtoto! Karwirwa, aki aliniambia hivyo!

Saa hii vifaranga vinaelea, vimekufa. Na yeye anasema eti maji ya hapa Mitunguu ni mabaya, halafu anataka tutie sahihi kwamba mafunzo yalienda vizuri.

Nimekataa. Mama Mutwiri pia amekataa. Wamama wote tumeketi mbele ya pikipiki yake asiondoke, na mimi hapa nanyonyesha.