Maneno Niliyompa Mwandishi wa Gazeti

Dauphin, Manitoba
20 Oktoba

Dada Paraska, Orysia wangu ameitwa kusema mbele ya kamati ya bunge kule Winnipeg, na mimi nitakaa pembeni yake kuyafuta maneno yangu mwenyewe!

Haya, nimeshalitoa. Sasa nikuamkie kama mtu aliyelelewa. Dada mpendwa, hujambo? Goti limepoa, au baridi ya huko Halifax bado inalichokonoa? Sisi wazima. Mume wangu Metro anakohoa kwa sababu ya sigara anazodhani sizijui. Kabichi zangu mwaka huu zimezishinda za mtaa mzima.

Dada, ulinipigia simu kunipongeza kwa kutoka gazetini, nami nikazipokea pongezi. Nadhani uliona picha yangu tu. Habari yenyewe ilihusu ile sheria ya madaktari kumsaidia mtu kufa akiomba, hata mlemavu ambaye kifo hakijamkaribia.

Yule mwandishi alikuwa bwana mpole. Alikula sahani mbili za maandazi yangu ya viazi, kisha akaniuliza, "Mama, miaka thelathini na moja umewezaje kumtunza binti yako?" Unanijua, mtu akinisifu mimi nayeyuka. Nikamwambia namwinua Orysia kila asubuhi kama gunia la viazi, namwogesha, namvalisha, na mgongo wangu haujapinda. Halafu, ili aone ukubwa wangu, nikaongeza, "Nikifa mimi, nani atamtaka?"

Maneno hayo ndiyo waliyoyaweka juu, kwa herufi kubwa.

Sikumwambia kwamba Orysia ana digrii, wa kwanza katika ukoo wetu. Wala kwamba walemavu wa mkoa mzima wakinyimwa haki zao, barua anaziandika yeye. Wala kwamba baba yake akibishana naye kuhusu mpira wa barafuni, huishia kutoka nje akibamiza mlango. Siku ile nilitaka nisifiwe mimi.

Orysia alilisoma gazeti. Akaniuliza, "Kwa hiyo mama, mimi viazi?" Nikacheka nikidhani utani. Yeye hakucheka.

Wiki mbili baadaye akapata nimonia. Hospitalini muuguzi mmoja, kwa sauti laini kabisa, akamwambia, "Nilimsoma mama yako. Umewahi kufikiria kuomba usaidiwe kupumzika?" Orysia, pumzi zenyewe za kuhesabu, akamjibu, "Dada, nimekuja kutibiwa kifua." Na mimi, Paraska, nilikuwa nimesimama palepale na chupa ya supu ya bitiruti. Mdomo huu unaoujua haukufunguka. Hilo ndilo limenikwama mpaka leo.

Amepona, Mungu ashukuriwe. Nilimwomba radhi jikoni, nikalia. Akasema, "Pangusa machozi, mama. Ulisema mbele ya nchi nzima, huwezi kufutia jikoni." Nikawapigia watu wa gazeti. Wakasema maneno ni yangu, wamenirekodi. Na kweli ni yangu.

Basi nimeandika hotuba. Orysia ameikata mara tatu: "Hapa umejisifu tena. Na hapa. Mama, hata hapa kwenye kuomba msamaha!" Kurasa nne zimebaki mistari sita. Wa kwanza unasema: siku ile binti yangu alikuwa chumba cha pili, anafanya kazi, na hakuna aliyemwita aulizwe, hata mimi mama yake.

Naogopa, dada. Mwandishi yule naye atakuwepo. Nikiona nyuso za wageni watupu nitaanza tena kujitapa. Nikikuona wewe nitaona haya, na nitasema kweli. Orysia naye amesema, "Mwambie mama mkubwa asikae nyuma."

Nisalimie shemeji Ostap, na Yarka na wanawe, uwaambie nao nimewawekea viti. Mungu awafungulie njia kabla theluji haijaifunga. Tunawangoja wote Winnipeg, Alhamisi tarehe 14 Novemba, saa nne asubuhi.

Mdogo wako akupendaye,
Nadia