Kesi Tatu kwa Jina la Alton Mabry

Gerezani, Alabama,
9 Septemba

Dada yangu Verlene,

Nakusalimu kwa mapenzi na kwa heshima, nikiomba karatasi hii ikukute umeshavua viatu vya kazini na umekaa, maana ni ndefu. Mama anaendeleaje? Binamu Odell aliniandikia kwamba sasa anapanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono, nikashinda na furaha siku nzima. Na wewe, kile kikohozi kimekuacha? Mimi ni mzima. Feni ya bweni letu imekufa tena na joto limetukaanga Agosti yote, lakini mwili hauna neno.

Barua zako tatu za mwisho nimezipata. Najua umekuwa ukijiuliza kwa nini sijibu. Sikuugua, wala sikuwekwa peke yangu kwa kosa lolote. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, na nimeona nianzie kwa Alton Mabry.

Huyu ni yule mzee wa kitanda cha jirani niliyewahi kukutajia, anayefanya kazi ya kufua na kupiga pasi. Ana miaka sitini na mitatu. Aliacha shule akiwa na miaka tisa akaenda kukata magogo na baba yake, kwa hiyo anachoweza kuandika ni jina lake tu, na huliandika taratibu, ncha ya ulimi ikiwa nje. Mkewe alishafariki, na huko nje hana mtu wa kumtumia hata kadi. Mimi aliniita Wakili, kwa kuwa ndiye ninayewaandikia wenzangu hati za mahakamani. Kila nilipotoka maktaba na mafaili kwapani alikuwa akiniuliza, “Haya Wakili, leo umemfunga nani?” Bweni zima likicheka, na mimi nikicheka nao.

Novemba iliyopita alianza kulalamika macho. Alisema taa zimevaa pete, na kwamba akitazama sahani yake anaona uji wa mahindi lakini haoni kikombe kilicho kando. Muuguzi alimpa matone na vidonge vya kichwa. Alirudi mara nne, na mara nne akapewa vitu vilevile. Nilisoma vitabu vyote vya afya vilivyoko maktaba, vipo viwili, nikajua ni presha ya macho na kwamba jicho likishakufa kwa ugonjwa huo halirudi. Nikamwambia twende mahakamani kudai apelekwe kwa daktari wa macho. Akasema, “Wewe ndiye mwenye kalamu. Nionyeshe tu pa kutia sahihi.”

Verlene, ile hati ya madai ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kuandika. Hakuna neno la matusi ndani yake, hakuna chumvi. Niliipeleka Januari pamoja na ombi la msamaha wa ada, kwa kuwa Mabry hana kitu. Februari jibu likaja. Jaji hakugusa habari ya macho ila kwa mistari michache. Alisema mfungwa huyu ana kesi tatu za nyuma zilizotupwa kwa upuuzi, na sheria inasema mwenye tatu za namna hiyo hasamehewi tena ada; ya nne ailipe yote kwanza, dola mia nne na ushee, isipokuwa kama ataonyesha kwamba wakati uleule anaposhtaki yuko hatarini kuumia vibaya. Kwa maoni yake, mtu anayepewa matone na vidonge hakuwa katika hatari hiyo. Ada haikulipwa, na mwezi Machi kesi ikafungwa.

Mabry aliniomba nimsomee. Nilimsomea kwamba hakulipa ada, basi. Akaniuliza mbona Hutto, mfungwa mwenzetu, alifungua kesi yake bila kulipa. Nikamjibu kwamba kila jaji ana mudi yake. Akatikisa kichwa akasema, “Basi huyu wetu kaamkia ubavu wa kushoto,” akaenda zake kufua.

Mwezi Mei jicho la kushoto lilizimika kabisa. Tulilijua siku aliyoweka kiganja juu ya pasi ya moto akidhani ni meza. Nilikuwa foleni ya chakula nikamsikia akilia kule chumba cha kufulia, na niliijua sauti yake kabla sijamwona. Alirudi na mkono umefungwa bandeji nyeupe, akakaa kitandani, akasema hata jicho la kulia sasa linamwonyesha dunia kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo.

Kisha Juni ikaja ile barua ya bodi ya parole niliyokutumia nakala yake, kwamba ombi langu la kuachiwa mapema litasikilizwa Oktoba. Mabry alifurahi kuliko mimi. Alimwambia kila aliyepita karibu. Akaniambia, “Ukitoka, Wakili, usinisahau. Uende mwenyewe kwa yule jaji umweleze kwa mdomo. Wewe ukisema watu wanasikia.” Akanipa soksi zake mpya za sufu, ambazo hajawahi kuzivaa, eti nivae siku ya bodi, miguu isitetemeke.

Sasa nifike mahali nilipokuwa nakwepa.

Zile kesi tatu niliziandika mimi. Ya kwanza ilidai kwamba biskuti za asubuhi ni ngumu kiasi cha kuwa adhabu isiyo ya kibinadamu. Ya pili ilimshtaki askari mmoja kwa kupiga mluzi. Ya tatu naona haya hata kuitaja. Ilikuwa kurasa kumi na saba juu ya rangi ya ukuta. Mabry hakujua hata moja. Kwa jina langu mwenyewe nilikuwa nimeshatupiwa tatu kwa upuuzi kama huo, jambo ambalo sikukwambia kamwe, na mlango wangu ulikuwa umefungwa. Nikatafuta jina jingine, na la kwake lilikuwa karibu, futi tatu kutoka kwenye mto wangu.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza sana. Humu ndani nikisema neno, hakuna anayelazimika kulisikia. Lakini hati ikigongwa muhuri mahakamani, mkuu wa gereza ataletewa, mawakili wake wataisoma, na jaji atakaa kitini asome maneno yangu hata kama anayachukia. Nililewa jambo hilo, Verlene, kama baba alivyokuwa akilewa kitu kingine.

Ubaya wake zaidi ni namna nilivyompata. Nilimwambia kwamba karatasi hizo ni maombi ya kifungo chake kupitiwa upya. Alitia sahihi tatu kwa miaka miwili, ulimi nje. Kila jibu lililokuja kutupa kesi alikuwa akiniletea nimsomee, nami nilikuwa nikimsomea kwamba wanasema asubiri. Alisubiri. Alikuwa akimwambia mchungaji kwamba mambo yake yako njiani.

Na ile ada ya kesi ya macho, ningekuandikia ungeitafuta na kuituma, nakujua. Sikukuandikia kwa sababu ungeuliza ni kesi gani hizo tatu.

Baada ya kupewa zile soksi nililala nazo kifuani wiki nzima nisiweze kuzivaa wala kuzirudisha. Jumapili moja baada ya chakula cha mchana nikalitoa jibu la jaji, nikakaa kando yake, nikalisoma lote, pamoja na majina ya kesi zote tatu na tarehe zake. Nilipomaliza alinyoosha mkono akaichukua karatasi, akaipapasa kwa ule mkono wenye kovu. Nilidhani atanipiga, nilitamani anipige. Hakuuliza habari ya macho hata kidogo. Aliuliza, “Kwa hiyo yale maombi ya kupitia kifungo changu hayakuwepo?”

Nikamwambia hayakuwepo.

“Hata moja?”

“Hata moja.”

Akamwita askari kwa adabu, akaomba ahamishiwe kitanda kingine.

Siku iliyofuata niliandika hati ya kiapo kueleza yote: kwamba nilimdanganya asiyejua kusoma, na nikatumia jina lake kuidanganya mahakama. Bi. Oglesby wa maktaba, ndiye anayegonga muhuri wa viapo, aliisoma mara mbili. Akavua miwani. Akaniambia, “Royce, ukitia sahihi hapa, bodi nayo itaisoma. Unalijua hilo?” Nikamwambia nalijua. Akasema bado miezi mitatu na ushee tu, ningeweza kuipeleka nikiwa nje. Nikamwambia kwamba jicho la kulia la Mabry halina miezi mitatu.

Jaji aliikubali. Alizifuta zile tatu kwenye hesabu ya Mabry, akaifungua upya ya macho bila ada ya kutanguliza, na Agosti wakampeleka Montgomery kwa daktari. La kushoto limekwenda. La kulia walilipasua, wakaokoa kilichobaki, nacho ni kidogo. Daktari alisema kama angeletwa Februari wangeokoa mengi zaidi.

Mimi Jumanne nilipata barua ya bodi. Hawatanisikiliza Oktoba. Wamenisogeza miaka mitano. Sina rufaa ya kukata na sitaki kukata.

Kwa hiyo usije na gari kunichukua, dada. Najua umeshapaka rangi kile chumba cha nyuma na kununua godoro. Mpe Mama, asilale tena kule barazani penye baridi. Usimwambie kwa simu. Kaa naye, mpikie kambare, umwambie akiwa ameshiba. Na kanisani wakiuliza habari za yule mwanasheria wako, waambie ukweli. Nimechoka kusifiwa na watu wasionijua.

Msalimie Odell na watoto wake wote. Mwambie Mama namwombea. Wewe ukiona huwezi kuniandikia kwa muda, usiandike, sitahesabu siku. Ila ukiweza, niandikie hata mstari mmoja.

Jana nilikutana na Mabry kwenye korido, anatembea ameshika ukuta. Nilisimama ili apite. Akasimama naye, akageuza kichwa upande kama kuku anavyotazama, mpaka akanipata kwenye kile kitundu chake cha ufunguo. Nikamwamkia. Akasema, “Nakuona kidogo, Wakili. Kidogo hicho kinanitosha,” akaendelea na ukuta wake.

Ni mimi, mdogo wako aliyekukosea,

Royce