Gari la Vern Limezidi Miaka Kumi

Kambi ya magari-nyumba, kando ya barabara kuu,
Nebraska.
Tarehe 9 Septemba

Kwa kaka yangu Delbert,

Pokea salamu nyingi, wewe na wifi yangu Connie. Natumaini goti lako limepona na siku hizi unapanda ngazi bila kumlaani mtu. Mimi mwili mzima, ila moyo unanichemka, na nisipokuandikia wewe nitamwandikia mwenye kambi hii, na hayo hayatasomeka mbele ya watoto.

Jana jioni niliingia hapa hoi, baada ya kupigana na upepo siku nzima. Nafasi niliyoiomba kwa simu ilikuwepo, chini ya miti, maji na umeme tayari. Mwenye kambi, mama mmoja anaitwa Roxann, akaja na kigari chake cha gofu. Salamu hakutoa. Akalizunguka gari-nyumba la marehemu mume wangu Vern kama anakagua ng'ombe mnadani, akapapasa kutu ya mlangoni, akauliza ni la mwaka gani. Nikamwambia tisini na sita. Akasema kwao mwisho ni miaka kumi, maana wateja wake hawakuja huku kuamka na kutazama mikweche.

Mkweche, eti. Gari ambalo Vern alilipaka rangi kwa mkono wake, na mpaka leo linawaka kwa mara moja. Nikamwambia mbona yeye mwenyewe amezidi miaka kumi na bado wamemwacha akae ofisini. Hakucheka. Akanijibu, haya mama, nenda kachomeke waya kwenye huo ulimi wako uone kama utapata umeme.

Kwa kuwa redio ilikuwa inatangaza mvua ya mawe, alilegea. Akanipa nafasi ya nyuma kabisa, karibu na shimo la kumwagia maji ya choo, usiku mmoja tu, na leo saa tano niwe nimeshaondoka. Ningenyamaza hapo yangekwisha. Lakini wakati anaandika jina langu mezani ofisini nikamuuliza kama nikirudi kupita huku naweza kutumiwa vidonge vyangu vya presha kwa posta, kwa anwani ya ofisi yake.

Akaweka kalamu chini. Akaniuliza, tena taratibu, kama ninasafiri au ninaishi humo ndani. Alisema msafiri akifika huuliza neno la siri la intaneti, anayeishi garini huuliza habari za barua. Na wanaoishi garini hawapokei, kwa sababu wakishaota mizizi hawang'oki.

Delbert, nilipiga ile meza kalamu zikaruka. Nikamwambia nina nyumba Iowa, vyumba vitatu, na maua barazani, na nina kaka Boise mwenye nyumba kubwa kuliko kambi yake yote, na mimi niko likizo. Mzee mmoja mwenye gari-nyumba jipya kubwa kama basi, aliyekuja kununua barafu, akajifanya anasoma tangazo la kuni. Roxann akasema tu, sawa mama, likizo njema.

Mpaka asubuhi hii hasira haijaniisha. Nimekunywa vikombe viwili vya kahawa nikijiuliza kwa nini, maana nimewahi kutukanwa vibaya zaidi nikasahau kabla ya chakula cha mchana. Ni kwa sababu yule mwanamke alisema kweli. Ile nyumba ya Iowa niliyopanga, mwenye nyumba aliiuza mwezi wa tatu, na sikupata nyingine ninayoiweza kodi yake. Zile kadi za posta zenye picha za milima na maziwa nilizokutumia, zote niliziandika nikiwa natafuta pa kulala. Nilikuficha kwa sababu ya ile Sikukuu ya Shukrani, ulipowaita wanaoishi garini watu wasio na kwao. Meza nzima ilicheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Mbusu Connie kwa niaba yangu. Usijibu kwa anwani ya Iowa. Nakuja magharibi, huko kwenu Boise, nitaendesha polepole ili barua hii initangulie. Kando ya karakana yako kuna lile tundu la umeme ulilokuwa ukichomekea mashine ya kukatia nyasi. Nikiegesha hapo nje, waya wangu ni mrefu, utafika. Ukikubali, nipigie simu. Ukikataa pia nipigie, ila usiniulize gari ni la mwaka gani.

Dada yako,
Marlys