Upande wa Kulia

Kiplombe, Jumapili jioni

Binti yetu Chebet amepiga simu tena. "Mama, enda Italia hata kama ni peke yako. Baba angetaka uende." Inaniudhi vile anajua sana Baba angetaka nini.

Sisi hata divai hatunywi. Baba Chebet alitaka tu tuendeshe gari polepole kwenye vijiji vya mizabibu, tusimame tukichoka. Huko gari hupita kulia, kwa hivyo alifanya mazoezi kwenye barabara ya shamba letu, majirani wakimcheka.

Leo nikitoka kanisani nimeingia shambani na gari nikashika kulia bila kufikiria. Alama za magurudumu yake bado ziko, lakini tangu tumzike nyasi zimeanza kuzifunika.

Nimerudi hadi kwa geti, nikapita hapo tena. Halafu tena.